Uzito Alioandika Mbula

Wifi yangu Mbula alianza kazi ya kupima mawe mwaka wa 1981, kiwanda cha kusaga kilipofunguliwa nje kidogo ya soko la Kathonzweni. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha miaka minne katika shule ya msingi kule Kalamba bila cheti, na walimu wenye vyeti walipopatikana akaambiwa asante, akarudi kusuka vyondo na mama mkwe wangu. Mumewe, baba yake Kalunde, alikuwa mtu wa reli Kibwezi na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi, Syokau, nilikuwa nimeolewa na Mbuvi, mdogo wake Mbula, na sote tuliishi boma la wazazi wao. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyasikia kwa watu.

Kiwanda chenyewe hakikuwa kikubwa. Kulikuwa na banda la mabati, kinu cha chuma kilichonguruma kutwa, na vumbi la rangi ya maziwa lililotua juu ya kila kitu, hata migongo ya punda waliopita kwenda mtoni. Kilisaga jiwe ambalo sisi tulilijua tangu utotoni kwa sababu linadanganya mkono. Unaokota kipande cha ukubwa wa kiazi, ukidhani ni jiwe kama mengine, na mkono unashuka. Wenye kiwanda waliliita baraiti. Sisi tuliliita jiwe zito.

Wakati huo makampuni yalikuwa yakichimba visima vya kutafuta mafuta kule kaskazini, ng'ambo ya Garissa. Kisima cha mafuta hakichimbwi kikavu. Ndani ya shimo huzungushwa tope la maji na udongo, na tope hilo lazima liwe zito vya kutosha kuikandamiza gesi iliyo chini isipande. Unga wa jiwe letu ndio uliotiwa humo kuongeza uzito.

Aliyemfundisha Mbula kazi ni Nzuki, mwanamume wa Kabati upande wa Kitui, mtu mpole mwenye mwandiko mdogo sana, aliyesomea mambo ya maabara Nairobi. Walikuwa na chumba kimoja chenye meza, mizani, na chupa ya kioo yenye tumbo la mviringo na shingo ndefu iliyochorwa mistari. Unatia mafuta ya taa mpaka alama ya chini. Unapima gramu themanini za unga uliokaushwa, unaumimina taratibu, unaitikisa chupa mapovu yatoke, kisha unasoma mafuta yamepanda mpaka mstari gani. Unga mzuri huyapandisha mpaka kumi na tisa. Ukipiga hesabu unapata nne nukta mbili, yaani jiwe ni zito mara nne na zaidi kuliko maji. Mzigo wa chini ya hapo haukutakiwa kutoka.

"Piga magoti, jicho lilingane na mafuta," Nzuki alimwambia. "Ukisoma umesimama utaona kile unachotaka kuona."

Mbula aliipenda kazi ile. Alikuwa akirudi jioni na unga kwenye nyusi akitueleza mzigo wa leo umekuwa nne nukta mbili tatu, kana kwamba anatuambia mtoto amepita mtihani. Nzuki alirudia kupima baada yake mara nyingi mwanzoni, kisha mara chache, kisha akaacha kabisa. Mwaka wa 1985 alipopata kazi huko kaskazini, ya kusimamia uchanganyaji wa tope kwenye kisima, alimwambia meneja wetu, Gicheru, "Mwachie Mbula chumba. Karatasi ikija na jina lake, mimi sina wasiwasi."

Meneja alimwachia.

Jiwe lilitoka kwenye kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka sokoni. Mbuvi wangu alikuwa mmoja wa wachimbaji kumi na wawili huko, chini ya nyapara aliyeitwa Kilonzo. Mshipa mzuri wa jiwe ulikuwa chini kabisa ya shimo, na juu yake ukuta wa udongo na mawe uliosimama wima. Novemba ya 1986 mvua ilinyesha vizuri. Tulipanda mahindi na kunde tukifurahi, na wiki hiyo hiyo Kilonzo akaona ufa juu ya ukuta, mrefu kuliko lori, ambao asubuhi kidole kiliingia na jioni mkono ukaingia.

Kilonzo alikwenda kwa meneja. Gicheru hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na barua mbele yake iliyosema malori manne yanasubiriwa kaskazini. Alisema ameagiza magogo ya kuegemeza ukuta kutoka Machakos na yatafika. Mpaka yafike, kazi iendelee. Kilonzo akarudi, akawaambia watu wake wasishuke. Wachimbe juu, kwenye ukingo, ambako jiwe zito lilikuwa limechanganyika na jiwe la chokaa. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, hasa yakishasagwa.

Mchana wa siku ile nilimpelekea Mbuvi chakula, akaniambia habari ya ufa. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kiwandani, nikamkuta Mbula amepiga magoti mbele ya ile chupa, na mafuta yamepita mstari wa ishirini na mbili.

"Hii ni nini?" alisema, bila kunigeukia. "Nimerudia mara tatu. Inakuja tatu nukta sita."

Nikamweleza yote.

Alikaa kwenye kiti. "Meneja akiona tatu nukta sita, atawaambia warudi chini."

"Ndiyo maana nimekuja, Mama Kalunde. Ukiandika hiyo, kesho Mbuvi anashuka."

"Syokau, hii karatasi inakwenda kwa mwalimu wangu."

"Ni mawe tu," nilimwambia. "Ni unga wa kutia kwenye tope. Mbuvi ni mtu."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Mbula akavuta karatasi. Aliandika nne nukta mbili, akatia sahihi yake. Akaandika hivyo hivyo kwa malori yote manne, siku tisa mfululizo, na kila jioni alirudi nyumbani bila kutuambia mzigo wa leo umekuwa ngapi.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, kabla magogo hayajafika, ukuta ulianguka. Ulifunika shimo lote la chini. Wachimbaji walikuwa juu kwenye ukingo, wakaona vumbi tu. Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Kilonzo alitoa ushuhuda akilia, na watu kumi na wawili wakasimama mbele pamoja na wake zao, nami nikiwa mmoja wao. Mbula alikaa nyuma. Nilimwona akitazama sakafu, nikadhani ni furaha imemzidi. Nafikiri hata yeye, siku chache zile, alijaribu kuamini kwamba alifanya vyema.

Mwishoni mwa Januari barua ilikuja kiwandani. Gicheru alimsomea Mbula akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kupimia. Kwenye kisima kule kaskazini, gesi ilikuwa imesukuma kutoka chini kwa nguvu kuliko walivyotarajia. Hilo hutokea, na dawa yake ni kuongeza unga haraka mpaka tope liwe zito kuishinda. Nzuki alipiga hesabu ya gunia zinazohitajika, na ghalani zilikuwepo, hata na ziada kidogo. Walitia zote. Kila walipolipima tope, uzito ulikuwa pungufu. Gunia zikaisha. Gesi ikapanda, ikashika moto. Mchomeleaji mmoja kutoka Murang'a, Kahiga, alikufa pale pale. Nzuki alitolewa akiwa hai, ameungua uso na mikono yote miwili.

Mbula alitoka nje akaenda nyuma ya kinu, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kumsikia. Jioni alinieleza, na nikamwambia neno moja: "Nyamaza."

Alinyamaza karibu miaka saba.

Uchunguzi ulifanywa. Ripoti ilisema msimamizi wa tope alikosea hesabu. Nzuki hakubisha, na sisi hatukujua kwa nini habishi. Alirudishwa Kabati na jicho moja, vidole vikiwa vimegandamana, na jina la mtu aliyeua mwenzake kwa kutojua kuzidisha. Mwaka uliofuata makampuni yalifunga visima, kwa kuwa mafuta hayakuonekana, na kiwanda chetu nacho kikafungwa. Gicheru alirudi kwao. Mabati yaling'olewa moja moja na watu.

Mbula alibadilika pole pole, hivi kwamba ni sisi wa bomani tu tulioona. Kila siku ya Meza ya Bwana alisema ana maumivu ya tumbo, akabaki nyumbani. Akina mama walipomchagua kuwa katibu wa kikundi cha maji, alikataa, akasema mkono wake hauandiki vizuri. Mtu akitaja ukuta ulioanguka na neema ya Mungu, aliinuka kwenda kuangalia sufuria. Mimi nilikuwa najifungua, nalea, nalima, na Mbuvi alikuwa hai akinisaidia, na kila nilipomtazama Mbuvi akicheza na watoto nilimshukuru Mungu na kumwogopa wifi yangu kwa wakati mmoja.

Mwaka wa 1988 alikwenda Kabati peke yake, na unga wa muhogo na kiondo alichokisuka. Alikusudia kusema. Muthoki, mke wa Nzuki, alimkaribisha kwa chai. Nzuki alifurahi kumwona, akamwambia mtoto alete madaftari yake. Yalikuwa sita. Kwa kuwa hakuweza kushika kalamu, alikuwa akimwambia binti yake nambari, naye anaandika: uzito wa tope, kina cha kisima, gunia, maji. Hesabu ile ile, ukurasa baada ya ukurasa.

"Nisaidie, Mbula," alimwambia. "Wewe una macho. Nimekosea wapi?"

Mbula aliyachukua madaftari, akayasoma yote mpaka mwisho, akasema haoni kosa. Akanywa chai yake. Akaaga. Alirudi nyumbani akalala siku tatu bila kula, na alipoamka hakwenda tena Kabati.

Hilo ndilo lililomtesa kuliko ile karatasi. Aliniambia baadaye kwamba siku ile ya kwanza alikuwa na nusu saa tu ya kuamua, na Mbuvi moyoni. Lakini pale Kabati alikuwa na mchana mzima, na kikombe mkononi, na hakuna mtu aliyekuwa shimoni.

Mwaka wa 1993, mwezi wa Agosti, Muthoki alikuja soko la mji wa Wote kununua mbuzi, akakutana na Mbula. Katika kuulizana habari za nyumbani, Muthoki akamwambia kwamba mjane wa Kahiga, Waringa, alikuwa amefika Kabati kumwona Nzuki. Alitaka tu kujua mumewe alikufaje. Nzuki alipiga magoti mbele yake, na magoti yake siku hizi hayakunjiki vizuri, akamwomba msamaha kwa kukosea hesabu. Yule mama alimsamehe, wakalia wote.

Mbula alinikuta shambani. Hakukaa. "Ameomba msamaha wangu," alisema. "Nzuki amemwomba mjane wa mtu msamaha niliopaswa kuuomba mimi, na amepewa yeye. Kesho nakwenda Kabati. Wewe fanya unavyoona."

Nilikwenda naye. Sitasema nilikwenda kwa ujasiri. Niliogopa atasema nini nisipokuwepo.

Nzuki alikuwa ameketi nje, upande wa kivuli cha nyumba. Mbula alimwamkia, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama. Hakuzungusha. Alisema ufa, alisema chupa, alisema malori manne. "Ile nne nukta mbili ilikuwa uongo, mwalimu. Niliandika mimi."

Nzuki aliuliza, "Ilikuwa ngapi?"

"Tatu nukta sita."

Midomo yake ilianza kutembea. Tulimwona akipiga hesabu, taratibu, kama mtu anayesoma barua aliyoingojea sana. Muthoki alikuwa ametoka jikoni, amesimama na kijiko mkononi.

"Gunia kumi na moja," alisema mwishowe. "Kwa kila mia, kumi na moja zaidi. Zilipungua hizo." Kisha akamwambia, "Jiwe lenyewe lingefanya kazi, Mbula. Ningejua ni tatu nukta sita, ningeagiza gunia zaidi ghalani. Basi. Ningeongeza tu."

"Meneja angezuia mzigo. Angewarudisha watu chini."

"Meneja, ndiyo. Lakini anwani yangu ulikuwa nayo."

Katika miaka yote ile, na usiku wote aliokesha, hilo halikuwahi kutujia. Barua moja. Angeandika uongo kwa meneja na ukweli kwa Nzuki, na watu kumi na watatu wangekuwa hai, Kahiga pamoja na wale wa shimoni.

"Mimi ndiye niliyemwomba," nilisema. "Mume wangu alikuwa mmoja wao."

Nzuki aligeuza jicho lake kwangu. "Ukuta ulianguka kweli?"

"Ulianguka."

"Wangekuwa ndani?"

"Wote."

Akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. "Nami niwaambie langu," alisema. "Kila lori likifika, nilitakiwa kupima gunia moja upya kabla ya kupokea. Chupa nilikuwa nayo, kama ile ile yetu. Niliona jina la Mbula, nikaandika nimepima. Sikupima. Ndiyo maana ripoti ilipokuja sikufungua mdomo. Nilijua nimeandika uongo, lakini sikujua kama uongo huo ndio ulioleta moto. Nikadhani labda ni hesabu."

Muthoki alikaa chini pale pale kwenye udongo.

"Mwalimu," Mbula alisema, "nifanye nini?"

"Sijui. Sasa hivi nataka muende." Kisha, tulipokuwa tumeshageuka, akaongeza kwa ile sauti yake ya upole, "Nimekasirika, Mbula. Msifikirie kwamba sijakasirika."

Tulirudi nyumbani. Miezi mitatu ilipita. Kisha Muthoki akaleta ujumbe: Nzuki anataka maneno yale yaandikwe, yasomwe katika kanisa lake Kabati, na anataka Mbula aende naye Murang'a. Mbula aliandika kurasa mbili. Mkono uliosemwa kuwa hauandiki uliandika vizuri. Alijitaja yeye peke yake. Nilipomwambia aniweke na mimi, alisema, "Sahihi ilikuwa yangu." Sikumshurutisha, na bado sijui kama nilikaa kimya kwa kumheshimu au kwa kufurahi.

Murang'a sikwenda. Alinisimulia kwamba Waringa aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, mikono ikiwa mapajani. Kisha akasema, "Huyu mzee nilikuwa nimeshamsamehe. Ile kazi niliimaliza. Sasa mmeniletea nyingine, na sijui kama nguvu ninazo." Akawapa uji, kwa sababu walikuwa wametoka mbali, na hakusema zaidi.

Kathonzweni nako Mbula alisimama kanisani, bila kuambiwa na mtu. Wazee wa kanisa walimwondoa kwenye kwaya kwa mwaka mmoja. Kilonzo, nyapara, alimtetea kwa ukali mpaka akatoka nje ya ibada. Wake wa wale kumi na wawili waligawanyika: wengine walimletea kuku, wengine waliacha kumsalimia. Lakini aliyeumia kuliko wote ni Mbuvi. Hakujua chochote miaka yote ile. Alimfuata dada yake mpaka jikoni.

"Kwa hivyo mimi natembea na maisha ya mtu mwingine," alisema. "Na mlijua, wewe na mke wangu, mkaniacha nikiimba."

"Ungependa ningefanya nini?" Mbula alimuuliza.

"Ungeniuliza. Tungegoma. Sisi kumi na wawili tungekaa chini tukakataa kazi. Hakuna aliyetuuliza."

Hakuzungumza naye kwa zaidi ya mwaka. Na mimi alizungumza nami mambo ya mbuzi na ya ada ya shule tu. Alirudi kwetu pole pole, kwa kusahau kidogo kidogo kwamba amekasirika, na kuna siku anakumbuka.

Nzuki alisafishwa jina kwao Kabati, kwa kiasi ambacho jina husafishika. Aliacha kuandikisha hesabu. Binti yake alikwenda kusomea ualimu Kitui. Mbula alimtembelea kila baada ya mavuno, na kwa namna walivyokaa, kila mmoja na kikombe chake, mgeni angedhani ni ndugu waliogombana zamani na kuchoka.

Waringa hakuandika. Mbula alikuwa ameacha kungoja. Kisha mwaka wa 1997, siku ya Alhamisi mwezi wa Februari, mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cha kijani alishuka barabarani akauliza kwa Mbula Ndululu. Alikuwa ni Waringa, akienda kumwona shemeji yake mwenye duka Kibwezi, akaona apite. Tulimpa chai. Aliuliza habari za kunde, kwa nini huku zinavumilia jua na kwao hapana. Kisha akaomba aonyeshwe kilima.

Tulimpeleka, Mbula na mimi. Shimo lilikuwa limeota miiba na nyasi, mbuzi wa mtu wakila ukingoni. Waringa alisimama akatazama chini.

"Ni hapa tu?" aliuliza.

"Ni hapa," Mbula alisema.

"Nilidhani ni mahali pakubwa."

Akauliza basi la Kibwezi linapita saa ngapi. Mbula akamwambia saa tisa, tukashuka. Njiani Waringa aliteleza kwenye kokoto, Mbula akamshika mkono, naye akauacha mkono ushikwe mpaka tulipofika tambarare. Kituoni basi lilichelewa. Mbula alimbebea mkoba muda huo wote, ingawa palikuwa na benchi la kuuweka, na basi lilipofika akampandishia mlangoni.